Kufika Saint-Jean-Pied-de-Port ukitokea Dar

Tangu turudi kutoka kwenye hija ya Mtakatifu Yakobo, watu wanatuuliza habari za miguu. Mlipata malengelenge? Mlivaa viatu gani? Ule mlima ukoje? Hakuna anayeuliza tulifikaje Saint-Jean-Pied-de-Port, pale hija inapoanzia, na kusema kweli sehemu hiyo ndiyo iliyotutoa jasho kuliko Milima ya Pirenei yenyewe. Njia ya Mtakatifu Yakobo, ile maarufu inayoitwa ya Kifaransa, ina kilomita kama 780 mpaka Santiago de Compostela kule Hispania, na karibu kila kona imechorwa mshale wa manjano au alama ya ganda la kombe. Huko uwanja wa ndege hakuna wa kukuchorea mshale. Ndiyo maana naandika.

Tulikwenda Septemba 2024, mimi na mama mdogo. Yeye ni mwalimu mstaafu, mwana-WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) wa siku nyingi, ameshakwenda Namugongo na Bagamoyo kwa hija, na wazo lilikuwa lake. Mimi nilikuwa wa kushika simu na kukata tiketi.

Saint-Jean-Pied-de-Port ni mji mdogo upande wa Ufaransa, katika nchi ya Wabaski, chini kabisa ya milima. Hauna uwanja wa ndege. Treni inayofika pale ni moja, ile ndogo itokayo Bayonne, inayopanda taratibu kando ya mto Nive kwa muda wa saa moja hivi, na safari zake kwa siku ni chache, za kuhesabika kwa vidole. Kwa upande wa Hispania kuna basi linalotoka Pamplona, ila hilo ni la msimu: linaanza majira ya kuchipua na kukoma vuli. Ukifika wakati mwingine utabaki na teksi, na teksi ya kuvuka milima ile inapita euro 100.

Viwanja vya ndege vilivyo jirani ni Biarritz kwa Ufaransa, kisha San Sebastián, Pamplona na Bilbao kwa Hispania. Kutoka Dar hakuna ndege ya moja kwa moja kwenda hata kimoja. Kwa hiyo mtu wa kwetu, iwe anatokea Dar, Nairobi au Entebbe, kwa kawaida ataingilia Madrid au Paris, na kutoka hapo bado ana karibu siku nzima ya barabara au reli. Hilo ndilo jambo ambalo watu hawalioni wanapotazama ramani. Wanaona ndege inatua Ulaya, wanadhani wamefika.

Mama mdogo alipoona nafurahia bei ya ndege fulani inayotua Madrid Jumapili usiku, aliniuliza swali moja tu: "Na basi la mwisho la kwenda huko linaondoka saa ngapi?" Sikuwa na jibu. Tukaanza upya kwa kupanga kinyumenyume. Kwanza ratiba ya basi la Pamplona kwenda Saint-Jean, kisha basi la Madrid kwenda Pamplona, kisha ndiyo ndege. Nawashauri mfanye hivyo hivyo, hata kama tiketi ya ndege iko kwenye punguzo na inawaita. Na mnapoangalia, angalieni siku ya wiki pia, maana Jumapili na sikukuu ratiba za huko hupungua sana.

Kabla ya tiketi kuna viza, na hapa kuna fumbo ambalo limewachanganya wengi. Hija inaanzia Ufaransa, lakini siku zake karibu zote ziko Hispania. Viza ya Schengen, ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya, inaombwa katika ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Kwa hiyo ni Hispania, hata ukitua Paris. Ukishaipata, kuvuka kutoka Hispania kwenda Ufaransa na kurudi siyo kutoka nje ya Schengen, hivyo viza ya kuingia mara moja inatosha. Nilimweleza mama mdogo hilo mara kadhaa, hakuamini mpaka tulipovuka.

Ada ilikuwa euro 90 kwa kila mmoja; ilikuwa imepanda kutoka 80 mwezi Juni mwaka huo huo. Bima ya safari lazima ifikie euro 30,000. Pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka Ulaya. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Msisubiri mpaka zibaki siku 15, kwa sababu jibu lenyewe linaweza kuchukua siku 15, na likivutana, 45.

Ugumu ukawa kwenye malazi. Ubalozi unataka kuona utalala wapi kila usiku. Hosteli nyingi za mahujaji, hasa zile za manispaa na za parokia, hazipokei oda. Anayetangulia kufika ndiye anayepata kitanda. Sasa utaonyesha nini? Tulichofanya ni kuandika mpango wa siku kwa siku, mji kwa mji, na kukata vyumba vya hosteli binafsi na nyumba za wageni ambazo unaweza kufuta bila kutozwa. Mpango wetu ulikuwa wa kweli, na nyingi za hizo nyumba tulizitumia. Paroko naye alituandikia barua yenye mhuri akieleza kwamba sisi ni waumini wake na tunakwenda hija. Sijui ilisaidia kiasi gani kwenye viza, lakini ilikuja kusaidia mbele ya safari, nitasema.

Neno moja zaidi kuhusu viza: ombeni siku za ziada. Siku ya kutua inahesabiwa, siku ya kuondoka inahesabiwa, na goti likivimba mkapumzika mahali siku mbili, zinahesabiwa pia. Mama mdogo alikuwa na miaka zaidi ya sitini. Nilipanga mwendo wake, siyo wa vijana wa mtandaoni wanaojisifu kumaliza mapema.

Halafu tiketi ya ndege yenyewe. Hija hii huanzia sehemu moja na kuishia nyingine, kilomita mamia upande wa magharibi. Kwa hiyo hakuna maana ya kukata ndege ya kwenda na kurudi Biarritz au Pamplona. Madrid inafaa kwa sababu treni ya mwendo kasi ya kutoka Santiago inakurudisha pale kwa saa tatu na kitu. Wanaoingilia Paris wakate tiketi ya kuingilia Paris na kutokea Madrid au Santiago. Mara nyingi tofauti ya bei siyo kubwa kama mnavyodhani.

Kuhusu mizigo. Fimbo za kutembelea kwa kawaida haziruhusiwi kuingia nazo ndani ya ndege, na kisu kidogo cha kumenyea embe ndiyo kabisa. Hivyo lazima kitu kiende chini, na begi la mgongoni likienda chini mikanda yake hunaswa kwenye mashine za uwanjani. Watu hununua mifuko maalumu ya kufunikia. Mama mdogo alitoa shangazi kaji lake, lile la miraba ya bluu na nyekundu, akaliingiza begi zima humo na fimbo zake, akafunga zipu, akazungushia utepe wa gundi na kuandika jina kwa kalamu ya wino mzito. Uwanja wa Dar kijana wa kaunta alicheka. Madrid lilitoka kwenye mkanda likiwa zima, na ndilo lililoonekana kwa mbali kuliko yote. Baadaye alilikunja likawa dogo, akaliweka chini ya begi, na likamfaa njia nzima kama mkeka wa kukalia kwenye majani yenye umande. Viatu vya kutembelea tulivaa miguuni, dawa na soksi tukabeba mkononi. Begi likipotea unaweza kununua kila kitu kingine, lakini viatu vilivyokwisha kuzoea mguu wako havinunuliki.

Ndege ya kwanza iliondoka vizuri. Ya pili, tuliyobadilishia njiani, ilichelewa kwa saa nyingi. Hatukupewa maelezo ya maana, tulipewa kuponi ya chakula. Nilikaa pale nikitazama saa na kupiga hesabu, kwa sababu tulikuwa tumeshakata basi la mchana la kutoka Barajas, uwanja wa ndege wa Madrid, kwenda Pamplona, na hesabu ilikuwa inakataa. Mama mdogo alitoa rozari yake, akasali, kisha akalala kwenye kiti cha chuma kama mtu aliye kwake. Mimi sikulala. Nilikuwa na hasira, halafu nikawa na aibu ya kuwa na hasira kwenye hija, halafu hasira ikarudi.

Tulitua Madrid jioni, basi likiwa limeshaondoka zamani. Mbele yetu ilikuwa foleni ndefu ya pasipoti. Afisa alikuwa mama wa makamo, akauliza tunakwenda wapi. Nikasema Saint-Jean, akakunja uso, maana hiyo ni Ufaransa na viza ni ya Hispania. Nikatoa mpango wa siku kwa siku, mama mdogo akatoa barua ya paroko bila kuombwa. Ilikuwa kwa Kiswahili na Kiingereza. Yule afisa aliangalia mhuri, akamwangalia mama mdogo, akagonga pasipoti na kusema "Buen camino", yaani ile salamu ya njiani. Ndiyo ya kwanza tuliyopewa. Basi chapisheni karatasi zenu zote; msitegemee simu ambayo chaji imeisha angani. Na siku hizi kuna jambo jipya: kuanzia Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kusajili alama za vidole na picha za wageni kwa mfumo wa kompyuta, kwa hiyo hapo kwenye foleni jipeni muda zaidi kuliko tuliojipa sisi.

Barajas ni uwanja mkubwa na una sehemu mbili zilizo mbali. Jengo la 1, la 2 na la 3 yameungana, unatembea tu. La 4 liko peke yake, na kati yake na mengine kuna basi la bure linalozunguka usiku na mchana. Mabasi ya Pamplona yanayopitia uwanjani yanaondokea Jengo la 4. Sisi tulitua la 1. Kama ndege isingechelewa, bado tungehitaji muda wa pasipoti, mzigo na lile basi la bure, na nikijumlisha sasa, naona nafasi ya saa tatu tuliyoacha ilikuwa finyu. Ningeacha tano, au ningepanga kulala Madrid tangu mwanzo.

Tulilala bila kupanga, kwenye nyumba ya wageni kijiji cha Barajas, kituo kimoja tu cha metro kutoka uwanjani. Chumba cha vitanda viwili, euro 60 na kitu. Tiketi ya basi ilipotea yote. Ilikuwa ya bei ya chini, isiyobadilishwa. Hapa ndipo mama mdogo alipotoa agizo la busara kuliko yote ya safari: "Mwanangu, kabla hujalala, mpigie huyo wa kitanda cha Saint-Jean." Kule tulikuwa na oda ya usiku uliofuata, na nilikuwa nimesahau kwamba hosteli nyingi hushikilia kitanda mpaka jioni tu, usipofika na usipopiga simu, anapewa mwingine aliyesimama mlangoni. Nilipiga, nikaongea Kiingereza cha polepole, nikaomba watusubiri tufike na basi la mwisho. Walikubali bila neno.

Kuna njia nyingine ya kutoka Madrid ambayo tuliifikiria asubuhi ile. Kutoka Jengo la 4 kuna treni ya mjini mpaka stesheni ya Atocha, na kutoka Atocha treni ya Pamplona huchukua saa tatu na kitu. Ni ya haraka kuliko basi, na ukikata tiketi ya treni ya safari ndefu, ile ya mjini unaweza kuipata bure kwa namba iliyoandikwa kwenye tiketi. Lakini kwa siku hiyo hiyo bei ilikuwa imepaa, tukarudi kwenye basi. Saa tano na zaidi, euro 30 na kitu. Basi lilikuwa zuri, lilisimama njiani watu wakanywa kahawa, na nchi ilikuwa kavu, ya rangi ya udongo, mpaka mama mdogo akasema panafanana na Dodoma.

Tahadhari ndogo ya saa. Tiketi zao huandikwa kwa mtindo wa saa 24. Basi la 10:30 linaondoka saa nne na nusu asubuhi, siyo saa kumi na nusu. Mnalijua hilo, najua. Ila baada ya usiku bila usingizi, na saa ya simu bado inasoma ya Dar iliyo mbele kwa saa moja, mtu hujikuta anasoma tiketi mara nne.

Stendi ya Pamplona iko chini ya ardhi, pembeni ya ngome ya zamani iliyogeuzwa bustani. Unashuka kwa ngazi za umeme, na pale chini mara moja unajua umefika kwenye mkondo wenyewe: mabegi ya mgongoni kila kona, maganda ya kombe yananing'inia, watu wanaulizana wanatoka nchi gani. Basi la Saint-Jean lilikuwa euro 22 hivi, na lilijaa. Watu kadhaa waliokuja kukata tiketi pale pale walikosa nafasi, wakaanza kuchangishana teksi. Mwezi Mei na Septemba ndiyo miezi ya msongamano, kata mapema mtandaoni.

Njia ya basi ndiyo njia ya hija, ila inakwenda kinyume. Inapita Zubiri, inapanda kilima cha Erro, inapita Burguete kwenye misitu ya miti mirefu, inafika Roncesvalles. Dirishani tuliona mahujaji wakija upande wetu, mmoja mmoja na wawili wawili, wamevaa makoti ya mvua, wengine wanachechemea. Mama mdogo aliwatazama muda mrefu. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya kutosha kusikika na viti vya jirani, "Sasa mwanangu, tunapita hapa kwa gari ili kesho turudi hapa hapa kwa miguu?"

Ni swali la haki, na ndilo linalowafanya Wahispania wengi waanzie Roncesvalles. Pale kuna kanisa la zamani lenye hosteli kubwa, kuna misa ya jioni yenye baraka ya mahujaji, na barabarani kuna kile kibao maarufu kinachosema Santiago kilomita 790, hesabu ya barabara ya magari. Kutoka Pamplona unafika kwa basi, na unajiepusha na siku ngumu kuliko zote za njia nzima. Sisi tulitaka Saint-Jean kwa sababu mama mdogo alitaka kuvuka mlima kwa miguu yake, basi. Lakini kama una historia ya matatizo ya moyo au magoti, wala usione haya. Hakuna atakayekuuliza kule Santiago.

Baada ya Roncesvalles basi linapanda kidogo mpaka Ibañeta, kisha linaanza kuteremka kuelekea Valcarlos. Hizo kona! Zimefuatana bila kupumzika, msitu upande mmoja na bonde upande mwingine, na dereva anazijua kwa moyo kwa hiyo hapunguzi. Binti mmoja wa nyuma yetu alitapika. Mama mdogo alishika kiti cha mbele kwa mikono miwili, akanyamaza, na nilipomwona ananyamaza nikajua hali si nzuri. Nikampa kipande cha tangawizi kavu niliyofungasha kwa ajili ya koo. Akatafuna mpaka Arnéguy, pale mpakani. Kaeni viti vya mbele, msile sana Pamplona, na muwe na mfuko wa plastiki karibu. Mpakani hakukuwa na mtu wa kutuuliza kitu, lakini ukaguzi hutokea, kwa hiyo pasipoti iwe kiunoni, siyo kwenye begi lililo chini ya basi.

Saint-Jean tulifika jua likielekea kuzama. Mnashuka karibu na mji wa zamani na kufuata watu wengine. Ofisi ya mahujaji iko namba 39, Rue de la Citadelle, mtaa wa mawe unaopanda mlima, na nyumba zake zina milango yenye tarehe za kale zilizochongwa kwenye jiwe la rangi ya waridi. Ndani kuna meza zilizopangwa, na nyuma yake wazee wa kujitolea wanaoongea lugha mbalimbali. Aliyetupokea alikuwa babu wa Kifaransa mwenye mvi tupu. Mama mdogo, kwa mazoea, alianza kumpa shikamoo kabla hajajikumbuka. Yule babu aliinamisha kichwa na kumjibu kwa Kifaransa, na wote wawili wakaonekana kuridhika.

Pale tulipewa credencial, kile kijitabu cha kugongewa mihuri ambacho bila hicho hulali kwenye hosteli za mahujaji wala hupati cheti mwishoni. Ni euro chache tu. Tukapewa karatasi ya milima na mabonde ya kila siku, orodha ya hosteli, na habari ya hali ya hewa. Muulizeni mapema wa mezani kama njia ya juu, ile ya Napoleon, iko wazi. Kuanzia tarehe 1 Novemba mpaka 31 Machi hufungwa kabisa, na hata majira mengine hali ya hewa ikichafuka watawaambia mpite Valcarlos, kando ya ile barabara ya basi. Wakisema hivyo, watiini. Watu wamefia huko juu.

Asiyekuja na fimbo atazinunua pale mjini, bei si mbaya, na kwa kweli nikirudi sitazibeba kutoka nyumbani. Kitanda cha usiku wa kwanza ndicho cha kuoda miezi kabla. Vile vile Orisson, hosteli iliyo kilomita 8 hivi juu ya mlima. Kwa mtu mzima ndiyo inayoikata siku ya kwanza vipande viwili, maana kutoka Saint-Jean mpaka Roncesvalles ni kilomita 25 na unapanda zaidi ya mita 1,200. Sisi tulikuwa tumeioda Machi kwa ajili ya Septemba.

Kwenye hosteli tulikutana na kijana wa Kenya, peke yake, akikausha soksi dirishani. Alisema "Habari yako mama", mama mdogo akasubiri kidogo kama kuna salamu nyingine inayokuja, haikuja, wakasameheana. Yeye alikuwa ameruka Nairobi mpaka Paris. Kwenye ramani njia yake ni nzuri kuliko yetu: kutoka uwanja wa Charles de Gaulle unachukua treni ya RER B mpaka Denfert-Rochereau, unabadilisha metro namba 6 mpaka stesheni ya Montparnasse, kutoka hapo TGV, treni ya mwendo kasi ya Ufaransa, mpaka Bayonne saa kama nne, kisha ile treni ndogo ya saa moja. Inawezekana kwa siku moja ukitua asubuhi na mapema.

Ila alikuwa amekata TGV ya bei nafuu iliyoacha nafasi ya saa mbili tu baada ya kutua. Kuvuka Paris na begi kubwa, kwa mgeni, kunaweza kumeza saa nzima na nusu ukiacha foleni ya pasipoti. Ikampita, akanunua nyingine dirishani kwa zaidi ya euro 100. Bayonne akakuta treni ndogo ya mwisho imeondoka, akalala. Asubuhi akasimama kwenye jukwaa na tiketi yake mkononi, saa ikafika, hakuna treni. Siku hiyo ilikuwa imebadilishwa na basi lililoondokea mbele ya stesheni, na tangazo lilikuwa kwa Kifaransa tu. Alinusurika kwa sababu aliona wenye mabegi wote wanakimbilia nje. Basi mkifika Bayonne, tazameni watu wenye mabegi walipo, na kama hamuoni hata mmoja jukwaani, ulizeni haraka. Migomo ya reli nayo ipo Ufaransa. Chungulieni habari siku mbili kabla.

Wenye uwezo zaidi kidogo wana njia laini zaidi: kuunganisha ndege mpaka Biarritz. Kutoka uwanja wa Biarritz kuna basi la mjini mpaka Bayonne, na yapo magari madogo ya kubeba mahujaji ya kuoda kabla, kama ya Express Bourricot, yanayowafikisha Saint-Jean moja kwa moja. Tukiwa wawili, na kwa umri wa mama mdogo, nikijumlisha chumba cha dharura cha Madrid, tiketi ya basi iliyopotea na mpya tuliyonunua, naona tofauti ingekuwa ndogo kuliko nilivyoogopa wakati nakata tiketi.

Na kama likizo ni fupi, acheni milima. Sarria, kule Galisia, iko kilomita 115 hivi kutoka Santiago, na cheti cha Compostela kinataka angalau 100 kwa mwenda kwa miguu. Unaruka Madrid mpaka Santiago, unapanda basi mpaka Lugo, na kutoka Lugo kuna lingine la nusu saa hivi mpaka Sarria. Wenzake mama mdogo wa WAWATA wameshaanza kuchangia kwa ajili ya hiyo ya Sarria. Yeye amekubali kuwasindikiza, kwa sharti kwamba ratiba ya mabasi ya Lugo iletwe kwenye kikao kabla mtu yeyote hajagusa tiketi ya ndege.